Kidari cha Mwalimu Mektrida

Saa moja kasoro asubuhi, kengele ya paredi bado haijagongwa, Mwalimu Mektrida Nkya amechuchumaa katikati ya darasa la tano. Miwani ameishusha hadi nchani mwa pua. Haangalii ubao, wala chati ya mfumo wa chakula iliyobandikwa ukutani. Anaangalia sakafu.

Anapitisha kidole kwenye mkwaruzo mmoja wa saruji, kisha kwenye mwingine. Anasimama taratibu huku amejishika goti.

"Nyeupe," anasema. "Hii ni ya jana."

Madawati ya shule hii, jirani na ile anayofundisha yeye huko Masama, wilayani Hai, yana miguu ya chuma. Yakiburutwa kutoka kwenye mistari ili watoto wakae wakitazamana, yanaikwaruza sakafu. Mkwaruzo mpya ni mweupe, wa zamani umeshaingia matope na kuwa mweusi. Mwalimu Mektrida amejifunza kuzisoma alama hizo kwa sababu, anasema mwenyewe, amedanganywa vya kutosha.

"Mgeni akija, kila darasa lina vikundi. Akiondoka, mistari inarudi," anasema. "Watu wanajua kuongea. Mimi siku hizi nauliza sakafu."

Asubuhi hii sakafu imempa jibu asilolitarajia, na hilo ndilo linalomkosesha raha. Kwa wiki kadhaa sasa, walimu anaokutana nao kila Alhamisi wamekuwa wakimpa udhuru. Alikuja akiwa ameshajiandaa kukuta mikwaruzo myeusi. Kama wameacha vikundi, wanaburuta madawati ya nini? Na kama hawajaacha, wanamkwepa kwa nini?

Mektrida ana miaka hamsini na tisa. Alizaliwa Kilema, akaolewa Masama, na amefundisha hisabati katika shule za msingi za mteremko huu wa Kilimanjaro karibu maisha yake yote ya kazi. Juni mwakani anastaafu.

Watoto wanamwita Mama Vikundi. Kwa miaka mingi, siku ya Alhamisi akishamaliza vipindi vyake, amekuwa akipanda pikipiki kwenda kwa walimu wenzake wa shule tano za jirani. Wanakaa pamoja na kuelekezana namna ya kuwafanya watoto wajifunze kwa kushirikiana. Hakuna ofisi iliyomtuma, na hakuna posho. Nauli ya kupanda na kushuka ni shilingi elfu sita, inatoka kwenye mshahara wake, na mvua ikinyesha dereva anaongeza bila aibu.

Mwandishi alikwenda Masama akiwa na shaka zake. Habari ya mwalimu anayejitolea bila posho inapendeza, na habari inayopendeza namna hiyo ni vizuri kuigeuza na kuiangalia upande wa chini.

Upande wa chini una semina. Zamani kidogo, mradi mmoja uliwakusanya walimu katika ukumbi mjini Moshi na kuwafundisha mbinu hiyo. Mtoto mmoja anapewa kipande cha somo kilichoandikwa kwenye kadi, mwenzake kipande kingine, na kila mmoja anawafundisha wenziwe kipande chake. Mwishoni mwalimu anamchagua yeyote, hata yule mzito kabisa, ajibu kwa niaba ya kundi zima, na jibu lake ndilo linalolipa kundi alama. Kwa hiyo wale wepesi hawana namna, lazima wahakikishe mzito ameelewa.

"Tulikula vizuri, tukapigwa picha, tukapewa vyeti na mabegi," anakumbuka. "Gari la mradi likaja shuleni mara mbili au tatu. Halafu mradi ukaisha, na vikundi vikaisha nao."

Viliisha hata shuleni kwake. Alikwenda kufanyiwa upasuaji wa goti katika hospitali moja mjini Moshi, akakaa nyumbani muhula mzima. Aliporudi alikuta madawati yamerudi kwenye mistari na watoto wanaimba majibu kwa pamoja kama zamani. Kadi alizozikata kwa mkono wake, kwa mkasi wa kushonea, mpishi wa shule alikuwa anawashia moto wa uji.

"Nililia," anasema bila kuzungukazunguka. "Nililia pale jikoni, mpishi akadhani ni moshi."

Hapo ndipo alipoamua kwamba semina ya siku chache haimfikishi mwalimu popote. Mbinu ni ng'ombe wa ndani, anasema, usipomkatia majani kila siku atakufa zizini na cheti chako kikiwa ukutani. Akaanza kupanda mlima Alhamisi hadi Alhamisi.

Hakupokewa kwa vigelegele. Walimu walidhani ametumwa kuwachunguza. Wazazi walidhani kuna fedha za mradi zimebaki na yeye ndiye anayezila. Wengine wanadhani hivyo mpaka leo, na mmoja wao ni Mzee Elimringi Swai, mjumbe wa kamati ya shule hii, ambaye kihamba chake, shamba la migomba linalozunguka nyumba, kimepakana na uwanja wa paredi.

"Mimi nimempeleka mjukuu wangu akafundishwe na mwalimu," Mzee Elimringi anamwambia mwandishi, panga la kukatia majani likiwa mkononi. "Nachungulia dirishani namkuta anafundishwa na mtoto wa Rogath! Yule mtoto wa Rogath baba yake simwamini hata kwenye maziwa. Sasa mwalimu analipwa kwa lipi?"

Mektrida, aliyesimama hapo hapo, anacheka. "Shikamoo, mzee. Huyo mjukuu wako mwaka jana alikuwa hajui kugawanya. Leo je?"

"Anajua," anakubali Mzee Elimringi kwa shingo upande. "Lakini bado sijaelewa nani aliyemfundisha."

Lakini wasiwasi wa mzee ni mdogo ukilinganisha na wa Mektrida mwenyewe. Ulianza pale mambo yalipokuwa mazuri kupita kiasi.

Kila shule aliyofika alipokewa kwa kiti chenye mto na chai ya maziwa matupu. Kisha alipelekwa darasani kuona somo, na somo lilikwenda kama maji kwenye mfereji. Vikundi vimepangwa, kadi zimeandikwa kwa kalamu za rangi, mtoto yeyote utakayemgusa anajibu. Darasa la Mwalimu Primus Munisi, kijana anayefundisha darasa la tano katika shule hii, ndilo lililong'ara kuliko yote.

"Nimefundisha hesabu za sehemu tangu sijaolewa," anasema Mektrida. "Hakuna darasa duniani ambalo watoto wote wanaelewa sehemu siku ya kwanza. Nikajua kuna kitu napikiwa."

Akaanza kuchunguza, na uchunguzi ukamfikisha kwa Rogath. Huyu ndiye anayekusanya maziwa kwa pikipiki nyumba hadi nyumba, madumu yakigongana nyuma, na kuyapeleka kituoni. Njia yake inapita kwenye shule zote tano. Kila alipomwona Mektrida kwenye kijiwe cha pikipiki cha chini amejifunga kitenge cha safari, shule za juu zilikuwa zimeshapata habari kabla hajapata dereva.

Rogath hakatai. "Mimi nabeba maziwa na habari," anasema huku akifunga mpira wa madumu. "Maziwa wananilipa. Habari ni bure."

Ndiyo maana siku hizi Mektrida hapiti barabarani. Anapita vichochoroni katikati ya migomba, anavuka mifereji kwa vipande vya magogo, anatokea nyuma ya vyoo vya shule akiwa na umande hadi magotini. Mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mwenye goti lililopasuliwa. Mwandishi alimfuata asubuhi hiyo na kuteleza mara zaidi ya moja.

Kengele ya paredi inagongwa. Mwalimu Primus anaingia darasani akiwa na boksi la chaki na kumkuta mwalimu wake wa zamani amesimama juu ya mikwaruzo yake. Uso unamshuka.

"Shikamoo, mwalimu. Hukutuambia unakuja."

"Marahaba. Ningekuambia ningeona nini?"

Primus anacheka kicheko kifupi. Leo ni Alhamisi, Mektrida ameomba ruhusa shuleni kwake, na anamuuliza kuhusu kikao cha mchana. Primus anasema kwa masikitiko makubwa kwamba leo hakitakuwepo, kuna msiba huko juu na walimu wote wanakwenda kuzika.

"Msiba wa nani?"

"Wa... huko juu. Ni mzee mmoja hivi."

Hapo kijana alikosea. Mteremkoni huku hakuna mtu anayekufa bila jina. Mgonjwa anajulikana, ukoo unajulikana, na tangazo linasomwa kanisani kabla ya sadaka. Mzee Elimringi, ambaye hajawahi kupitwa na mazishi, alipoulizwa alishusha panga na kusema hajasikia mtu yeyote aliyefariki, aika, yaani shukrani, kwa Mungu.

Kwa hiyo ni uongo. Mektrida anatoka na mwandishi hadi chini ya mgomba mkubwa kando ya mfereji. Hapo anakaa juu ya gogo, anavua kiatu na kumwaga maji.

"Wamenichoka," anasema. "Wanasubiri nistaafu. Juni nikiondoka, Julai kadi ziko jikoni."

Sauti yake imebadilika, na mwandishi anaona aibu kuendelea kuandika. Mtu huyu hana biashara wala shamba kubwa la kahawa la kujivunia. Alichonacho ni walimu ishirini na kitu waliokubali kukutana na kuelekezana. Wakisambaa, kazi yake yote ya Alhamisi imekwenda na maji.

Mchana, wakiwa bado hawajaamua kushuka, pikipiki ya Rogath inapita barabarani ikipanda. Madumu hayapo. Nyuma amekaa Mwalimu Primus, amekumbatia sufuria kubwa iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Nguo za kuzikia hajavaa.

Mektrida anavaa kiatu. "Twende," anasema.

Wanapanda kwa kupitia vihambani hadi shule ya mwisho, ile iliyo karibu na msitu. Watoto wameshaondoka. Kutoka darasa la sita zinasikika sauti za watu wazima, na hazisikiki kama za watu wanaoomboleza. Wanagombana.

Mektrida anasimama chini ya dirisha, matone ya manyunyu yakimdondokea begani kutoka kwenye bati. Mwandishi anachungulia. Walimu wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewapanda hadi kifuani, wamepangwa katika vikundi vya watu wanne wanne. Mbele amesimama Primus, shati limemlowa jasho.

"Darasani kwangu, Kindness hajasema neno lake mwenyewe muhula mzima," Primus anasema. "Kundi lake linashinda kila wiki kwa sababu mimi ndiye ninayempa kadi nyepesi. Anasoma mstari mmoja, anakaa. Nilijua. Niliacha hivyo kwa sababu kundi lilikuwa linapendeza."

"Kwa hiyo umemfundisha kunyamaza," mwalimu mmoja wa kike anamrukia.

"Ulimpa kadi nyepesi au ulijipa wewe kazi nyepesi?" mwingine anauliza.

Primus hajitetei. Anauliza afanye nini Jumatatu. Wanaanza kubishana upya, vikundi vinaingiliana, mtu anachora kwenye ubao, mwingine anaufuta mchoro na kuchora wa kwake. Kwa miaka yote aliyokaa nao, Mektrida atasema baadaye, hajawahi kuwasikia wakiongea namna hiyo.

Anaingia.

Kelele inakatika. Walimu wote wanasimama kwa pamoja na kugonga magoti kwenye madawati. "Shikamoo, mwalimu." Mmoja ameshaanza kumtafutia kiti.

"Mmezika?" anauliza Mektrida.

Sufuria iko kwenye kona, na harufu ya ndizi na utumbo imejaa darasa zima. Mwishowe anaongea Primus, macho chini, maneno yakitoka kwa taabu kama ya mtu anayeposa.

"Mwalimu, tusamehe. Kwetu mbuzi akichinjwa, kidari, ile nyama ya kifua, kinafungwa kwenye jani kinapelekwa nyumbani kwa mkubwa. Hakuna anayempelekea mkubwa utumbo. Utumbo wanakula wale waliochinja, palepale mgombani. Sasa wewe ni mkubwa wetu. Kila ukija tunakupa kidari. Somo likiwa bovu tunalificha, tunakutolea zuri. Tukaona hatujifunzi. Tukasema tutafute siku ya kula utumbo wetu wenyewe."

"Na mimi mkanizikia mzee asiye na jina."

"Tungekuambiaje usije?"

Kila ukoo mteremkoni una mgawo wake wa nyama, na watu wanaweza kubishana kutwa kuhusu nani anastahili kipi. Lakini kwamba mkubwa anapelekewa kilicho bora hakuna anayebishia. Walimu hawa hawakumdanganya Mektrida kwa dharau. Walimdanganya kwa heshima, na heshima hiyo ilikuwa inaua kazi yake polepole huku ikimnywesha chai ya maziwa matupu.

Mektrida hakuipokea kama mtakatifu. Alikasirika, na alikasirika mbele ya watu. Aliwauliza kama miaka yote hiyo alikuwa anapanda mlima kuja kula nyama. Kisha akavuta dawati aketi.

Hapo mwalimu yule wa kike akamzuia kwa mkono, kwa adabu zote. Kikao hiki kina sharti moja, akamweleza. Anayeingia lazima aweke mezani somo lake lililokufa wiki hiyo. Asiye nalo haingii.

"Somo langu lililokufa?" Mektrida akauliza.

"Ndiyo, mwalimu."

Alisimama akifikiri. Mwandishi alimwangalia na kuona, bila shaka yoyote, kwamba analo. Anayo mengi, kama kila mwalimu. Lakini mbele ya vijana aliowafundisha kushika chaki, alishindwa kulitaja.

"Sina," akasema.

Hakuna aliyemwamini. Darasa zima lilijua sasa ni nani anayemfichia mwenzake utumbo. Primus alimsindikiza hadi mlangoni. "Basi, mwalimu, nenda salama," akasema kwa upole. "Kidari tutakuletea nyumbani."

Nje, Mektrida alikaa kwenye ngazi za ofisi ya walimu iliyofungwa. Nyuma yake ubishi ulianza tena, kwanza kwa kunong'ona, halafu kwa sauti ile ile ya mwanzo. Walisahau mara moja kwamba yuko pale. Alikaa akisikiliza kwa muda mrefu.

"Inauma," alimwambia mwandishi. "Usiandike kwamba nimefurahi. Andika kwamba inauma."

Mwandishi, kwa tabia ya kazi yake, hakuridhika. Walimu wanaweza kubishana vizuri siku moja. Siku chache baadaye alirudi Masama peke yake bila kumwambia mtu, si Mektrida wala Rogath, na kumwomba mwalimu wa zamu amfungulie darasa la tano. Akajikuta amechuchumaa na kupitisha kidole kwenye saruji, suruali ikichafuka magotini. Mikwaruzo ilikuwa myeupe.

Kupitia dirishani aliwaona watoto wakifagia uwanja. Msichana mdogo mwenye sweta kubwa alikuwa anamwelekeza mwenzake mahali pa kumwaga takataka, kwa sauti ya chini sana. Mwalimu wa zamu alisema huyo ndiye Kindness. Wiki hiyo alikuwa amepewa kadi ngumu, ikamshinda, na kundi lake likashindwa kwa mara ya kwanza. Wenziwe walimnunia siku nzima. Kesho yake wakamfuata kwao jioni kumfundisha.

Alhamisi iliyofuata simu ya mwandishi iliita jioni. Ni Mektrida, na nyuma yake upepo na mlio wa pikipiki inayoshuka mlima. Safari hii alikuwa amepanda kwa barabara kuu, mchana kweupe, na aliyembeba ni Rogath.

"Nimewapelekea," alisema. "Somo la eneo la duara. Limenifia mkononi Jumanne. Watoto wananiangalia, mimi nawaangalia. Nimewaeleza lote."

"Wakasemaje?"

"Wamenichana!" Alicheka hadi akakohoa. "Yule Primus, niliyemfundisha mimi mwenyewe, ananiambia kadi zangu zimepitwa na wakati. Nilitaka kumpiga kofi. Halafu nikaangalia, nikaona ana haki."

Mwandishi alimuuliza kuhusu Juni. Shule yake imeshaunda kamati ya kumuaga, michango imeanza, na kuna mazungumzo ya mbuzi wawili. Pikipiki ilipunguza mwendo kwenye kona.

"Nimewaambia wachinje, mimi siwazuii," alisema. "Lakini nisiketishwe meza kuu. Kidari wampelekee Mzee Elimringi, labda ataacha kutuchungulia dirishani. Mimi siku hiyo watanikuta mgombani, na wale wanaochinja."